Kwa mnaoanza mazoezi ya A Midsummer Night's Dream

Wadogo zangu, mara ya kwanza nilipoicheza tamthilia hii ya Shakespeare nilipewa nafasi ya Lysander, kijana aliyetorokea msituni na mpenzi wake Hermia, na nikaiharibu. Puck, pepo mtundu wa msituni, aliponidondoshea machoni maji ya ua linalomfanya mtu ampende wa kwanza atakayemwona akiamka, nikaamka nikipepesuka, nikarembua, nikasema kilevilevi. Watu walicheka kidogo, kisha wakachoka. Nilidhani naigiza mtu aliyelishwa limbwata.

Baadaye nilikaa na mistari yangu nikaisoma taratibu. Lysander anaamka na hoja! Anamwambia Helena, rafiki wa Hermia, kwamba ni akili ndiyo iliyomwonyesha kuwa Helena anamshinda Hermia, na kwamba zamani alikuwa bado hajapevuka. Mtu huyu hajioni kama amerogwa. Anajiona ndio kwanza amepata busara. Semeni maneno hayo kwa utulivu, kama kijana anayepeleka posa, na ukumbi utacheka wenyewe.

Sasa kosa la Puck. Oberon, mfalme wa pepo, amemtuma kwa kijana anayemdharau msichana, yaani Demetrius anayemkimbia Helena, na alama aliyompa ni moja tu: mavazi ya Kiathene. Kwa hiyo angalieni maleba. Kuna onyesho nililoliongoza ambapo Lysander alivaa buluu na Demetrius nyekundu ili watazamaji wasiwachanganye. Ikawa Puck anaonekana mzembe, wakati hajawahi kumwona Demetrius hata mara moja. Wavisheni mshono mmoja. Puck atakapojitetea kwa Oberon kwamba aliambiwa atazame nguo, watazamaji watamwelewa.

Na msiipite haraka ile sehemu ya kulala. Hermia anamwomba Lysander asogee mbali, kwa heshima ya msichana ambaye hajaolewa. Puck anapowakuta wamelala mbalimbali anaamini binti amekataliwa. Waigizaji wengi hulala karibu karibu kwa sababu jukwaa ni dogo, na hapo kosa linakosa sababu. Sisi tulipima hatua nne, tukaweka alama za chaki sakafuni. Kila usiku nilikuwa nazikagua kabla watu hawajaingia.

Ugomvi wa vijana hao wanne katika tendo la tatu ndio moyo wa kazi, na hapa nawaomba mumtunze Helena. Amekimbilia mwanamume msituni akitukanwa njia nzima, halafu Demetrius naye anatiwa maji ya ua, na ghafla wanaume wawili wanampigia magoti. Kitu pekee kinachomwingia akilini ni kwamba wamepanga kumcheka, na Hermia yumo. Ndipo anamkumbusha walivyokuwa wakidarizi ua moja kwa sindano zao, wameketi mto mmoja, wakiimba wimbo mmoja. Mwigizaji wetu alipofika hapo alikuwa akishusha sauti mpaka watu wa nyuma wanainama kusikiliza, na dakika chache baadaye Hermia anapofoka kwa kuitwa mfupi, kicheko kilitoka kwa nguvu kwa sababu maumivu yalikuwa ya kweli. (Urefu umo katika maneno yenyewe, kwa hiyo mchagueni Helena aliye mrefu kweli.)

Titania, malkia wa pepo aliyetiwa maji yale yale, na Bottom, fundi mfumaji mwenye kichwa cha punda, sitawafundisha sana. Msimdhihaki Titania tu, anampenda.

Swali ambalo kila kundi hulifikia ni la Demetrius. Lysander anaponywa, Titania anaponywa, lakini yeye anakwenda arusini na maji ya ua yakiwa bado machoni. Wapo wanaoona ni jambo la kutisha. Mimi nawaelekeza kwenye tendo la kwanza: Demetrius alikuwa akimchumbia Helena kabla ya kumgeukia Hermia. Na anapoamka asubuhi anasema alikuwa kama mgonjwa aliyechukia chakula, na sasa afya imerudi na hamu yake. Mwigizaji wetu alikuwa akisema hayo akimtazama Helena, si Theseus, mtawala wa Athene, aliyemuuliza, na Helena alikuwa akisubiri kidogo kabla ya kumpa mkono.