Maswali ya Wasomaji: Riokani na Sumo na Watoto

SWALI: Mhariri, Septemba tunakwenda Tokyo na watoto wawili. Tunataka kulala riokani, ile nyumba ya wageni ya kijapani, na kuona sumo, mieleka ya kijapani. Hatuli nguruwe wala kileo. Tujiandae vipi? – Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Iandikieni riokani mapema, na msitaje nguruwe peke yake. Mchuzi wa samaki na sosi hutiwa mirini na sake, ambavyo ni vileo. Vitajeni kwa majina. Mkingoja kusema siku ya kufika, mpishi keshaunga kila kitu. Fikeni saa tisa alasiri. Chakula huliwa saa kumi na mbili au saa moja, wala hakisubiri mtu.

Tatami, mikeka ya sakafuni, hukanyagwa kwa soksi au miguu mitupu. Choo kina ndara zake, ziacheni humohumo. Mkivaa yukata, joho jepesi la pamba, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti.

Bafuni watu huoga uchi, wanawake mbali na wanaume, kwa hiyo ulizieni bafu la faragha la familia. Kaeni kwenye kigoda, jisugueni, suuzeni povu lote, ndipo muingie kwenye birika la maji ya moto. Maji ya nyuzi 40 hadi 42 ni makali kwa mtoto: dakika chache, atoke, anywe maji.

Mashindano ya sumo ya Septemba hufanyika Ryogoku Kokugikan, ukumbi wa sumo wa Tokyo, kwa siku 15. Kateni tiketi mapema. Wanamieleka wa daraja la juu hupambana baada ya saa tisa na nusu. Watoto wawahi kuona chumvi ikirushwa ulingoni, maana pambano lenyewe mara nyingi ni sekunde chache tu.