Maswali na majibu: Jukwaa la magurudumu si toroli

Majukwaa ya aluminiamu ya magurudumu yamezagaa saiti, na mafundi rangi na gipsam wanayakodi badala ya kufunga mirunda. Haya ni baadhi ya maswali mliyonitumia.

Tunapaka rangi ukumbini. Vijana wawili wanasukuma jukwaa, mimi nabaki juu na ndoo yangu. Sakafu ni vigae, laini kabisa. Kuna ubaya? (Fundi rangi, Mwanza)

Upo, ndugu yangu, tena mkubwa. Shuka kila mara. Wewe na ndoo mko juu, mkono unaosukuma uko chini. Gurudumu likigonga hata waya wa ekstensheni, chini kunasimama, juu kunaendelea na safari. Nililiona kwa macho yangu kwenye godauni moja: gurudumu liliingia kwenye mfereji wa maji usiozidi upana wa vidole vitatu. Rangi nyeupe ilitangulia, kijana akafuata. Alivunjika nyonga.

Kabla ya kuhamisha, vitu vyote vishushwe na kimo kipunguzwe kisizidi mita 4. Miguu ya pembeni, ile inayotanuliwa kulizuia jukwaa lisipinduke, inyanyuliwe kidogo tu, iachane na sakafu. Sukumeni kwa mikono, mkishika chini. Msivute kwa kamba wala kwa gari. Mkifika, fungeni breki zote nne, rudisheni miguu na mpime kwa pimamaji. Hapo ndipo mtu apande, naye apandie ndani ya jukwaa, si kwa kuparamia nje.

Naweza kwenda juu kiasi gani? (Dodoma)

Fuata karatasi ya mtengenezaji, na kama mwenye mali hanayo, mwambie akutafutie. Kiwango cha Ulaya, EN 1004, kinahusu majukwaa ya hadi mita 12 ndani ya jengo na mita 8 nje, kwenye upepo. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao cha nje: kimo kisizidi mara 3 ya upana mdogo wa kitako. Kitako cha sentimita 85 peke yake hakikufikishi hata mita 3. Ndiyo maana nawasihi msiiache stoo ile miguu ya pembeni. Ndiyo inayopanua kitako.

Jukwaa tulilokodi limekuja bila vyuma viwili vya mshazari, na pini moja imebadilishwa kwa msumari. Mwenyewe anasema litashika.

Lirudisheni. Vyuma hivyo ndivyo vinavyozuia jukwaa lisipinde, na msumari hauna kitasa cha kuuzuia usichomoke.

Dari imebaki mbali kidogo. Niweke ngazi fupi juu ya ubao?

Hapana, wala ndoo iliyogeuzwa. Reli, yaani vyuma vya kujikinga vinavyozunguka ubao, inapaswa kukufika kiunoni, angalau sentimita 95 kutoka unapokanyaga. Ukipanda juu ya kitu inakuwa magotini, na hapo haikukingi tena. Ongeza fremu.

Reli zenyewe zinafungwaje na mtu hajazungukwa na kitu?

Swali zuri sana, maana wengi huanguka wakati wa kufunga na kufungua. Pandia ndani, toka kwenye mlango ulio katikati ya ubao wa kukanyagia nusu mwili tu, kisha kaa ukingoni mwake miguu ikining'inia ndani. Funga reli zote ukiwa umekaa. Ukisimama, uwe tayari umezungukwa. Kufungua ni hivyo hivyo, kinyumenyume.

Bosi ametuambia tufunge jukwaa karibu na nyaya za TANESCO, na kwamba nikianguka ni juu yangu. (Kibarua, Dar es Salaam)

Usipande, mdogo wangu. Aluminiamu inapitisha umeme. Ukigusa waya, hata aliyeshika jukwaa chini anapigwa. Na kukulinda ni jukumu la mwajiri, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Pelekeni malalamiko OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na kabla ya hapo mtake bosi awaite TANESCO wazime laini.