Taco haimsubiri mhudumu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: mkahawa wa kawaida ukikuvunja moyo, ni chakula au ni huduma inayokufanya usirudi tena? Naona mnataka tuchague upande. Wapo watakaosema chakula kibovu husameheka mhudumu akiwa na bashasha, na wapo watakaosema bashasha haijazi tumbo. Mimi najibu kupitia mkahawa wa taco, yaani tortilla, chapati ndogo laini ya Kimeksiko, iliyokunjwa juu ya nyama; mkahawa wa ile aina isiyo na mbwembwe: unaagiza, unakula kwa mikono, unajifuta, unaondoka. Hapo mgawanyo wenu haushiki. Taco ikishatoka jikoni ina dakika chache tu za kuliwa ikiwa taco kweli, na dakika hizo hazimo mikononi mwa mpishi.

Nieleze niliyoyaona. Mkahawa wenyewe sitautaja, maana kasoro zake nimezikuta kwingine pia. Mimi na wenzangu tulikaa mahali ambapo dirisha la jikoni linaonekana vizuri. Sahani ya kwanza ikawekwa pale, mvuke unapanda, mpishi akagonga kengele. Wahudumu wawili walikuwa wameinamia mashine ya malipo iliyogoma, na mteja kasimama mbele yao na kadi mkononi. Mpishi akagonga tena. Kisha akachoka kugonga, akaendelea na oda nyingine, na sahani nyingine zikapangwa kando ya yetu. Mwenzetu mmoja aliinuka akaichukue mwenyewe. Akaambiwa, kwa upole kabisa, arudi akae, atahudumiwa.

Ilipofika mezani mvuke ulikuwa umekwisha. Tortilla ilikuwa imenyonya mchuzi wa nyama na kugandamana na sahani. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni, utando mwembamba wa rangi ya chungwa. Majani ya giligilani yalikuwa yamelala kama yamechemshwa. Nikashika taco kwa vidole vitatu, nikainua. Juu ikaja, chini ikabaki. Basi nikaomba uma, na uma nao ukachukua muda wake.

Lakini nyama ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa imepikwa taratibu mpaka inachambuka yenyewe, chumvi imekaa sawa, pilipili inafika baadaye bila kelele. Aliyeipika anajua kazi. Ukinijazisha fomu ya kutoa nyota ngapi kwa chakula na ngapi kwa huduma, nitamuadhibu nani? Nikitoa nyota mbili kwa chakula, nimemdhulumu mpishi. Nikitoa nne, nimedanganya, kwa sababu nilichokula hakikustahili nne.

Ili kuona kwa nini dakika ni kila kitu, angalia tortilla ya mahindi inavyotengenezwa. Huko Meksiko na Amerika ya Kati, kwa maelfu ya miaka, mahindi yamekuwa yakichemshwa katika maji yenye chokaa, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa na kusagwa yakiwa bado na unyevu. Mahindi yaliyoandaliwa hivyo huitwa nixtamal. Chokaa hulegeza ganda la nje na kuufanya unga ushikane, na pia hufungua niasini, mojawapo ya vitamini B, mwili uweze kuitumia. (Mahindi yaliposambaa Ulaya na baadaye kusini mwa Marekani bila ujuzi huo, maskini walioishi karibu kwa mahindi matupu walipatwa na pelagra, ugonjwa unaotokana na kukosa niasini. Mbinu ya mababu ilikuwa na akili kuliko ilivyodhaniwa.) Donge la unga huo hufinyangwa, hukandamizwa iwe bapa, huokwa juu ya comal, kile kikaango bapa kisicho na ukingo, kisha tortilla hufunikwa kwa kitambaa ili ibaki na joto na unyevu.

Mahindi hayana gluteni, ile protini inayoshikilia mkate wa ngano. Tortilla ikiwa ya moto hukunjika bila kulalamika. Ikipoa, wanga wake hukakamaa nayo huvunjika penye mkunjo. Ikijazwa nyama yenye mchuzi na kuachwa, hulowa na kuchanika. Wauzaji wengi huweka tortilla mbili ndogo, moja juu ya nyingine, ili ya pili iiokoe ya kwanza. Hata hivyo, muda unaopatikana ni mfupi. Kazi iliyoanza jana yake kwa kuloweka mahindi inaweza kuharibika yote wakati watu wawili wanahangaika na mashine ya kadi.

Ndiyo maana kwenye vibanda vya mitaani vya Meksiko mara nyingi hakuna mhudumu wa katikati. Unasimama pale pale mbele ya moto. Kama ni taco za al pastor, nyama ya nguruwe iliyopakwa viungo vyekundu huwa imepangwa kwenye chuma cha wima kinachozunguka, mtindo uliotokana na shawarma ya wahamiaji waliotoka Lebanon. Mtu anakata vipande vyembamba vikidondokea kwenye tortilla, anaongeza kipande cha nanasi, anakunyoshea sahani. Sahani yenyewe mara nyingi ni ya plastiki iliyovikwa mfuko, mfuko unaobadilishwa kwa kila mteja. Unakula, unaomba nyingine, na kwenye vibanda vingi unalipa mwishoni kwa kusema umekula ngapi. Anayepika ndiye anayehudumu.

Mkahawa wenye meza unavunja mpango huo, na ni haki yake. Watu wanataka kukaa na kuzungumza. Ila anayeongeza hatua kumi kati ya moto na mdomo anapaswa kuwa na mtu wa kuzitembea hatua hizo.

Watu hupenda kuicheka taco ya ganda gumu, ile ambayo tortilla yake hukaangwa mapema ikakauka ikiwa imekunjwa. Mimi siicheki. Ni zao la watu waliolitazama tatizo hili usoni: Juvencio Maldonado, Mmeksiko aliyekuwa na mkahawa New York, alipata hataza ya kifaa cha kukaangia maganda hayo mwaka 1950, na Glen Bell, aliyefungua Taco Bell mwaka 1962 huko California, akajenga biashara nzima juu ya taco inayojazwa haraka. Ganda linaweza kusubiri likiwa tupu. Ladha yake si ya kwangu, lakini angalau walikubali kwamba mteja hatapata tortilla ya moto, wakatafuta njia. Kinachoniudhi ni mkahawa unaouza taco laini kana kwamba nazo zinaweza kusubiri kama maganda.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni oda kufika vipande vipande. Ukiwa na wali au nyama ya kuchoma unaweza kumsubiri mwenzako kidogo bila hasara kubwa. Kwa taco, adabu inakugharimu. Mmoja kaletewa, wengine bado. Akila, anaonekana hana subira. Akingoja, anakula kitu baridi. Siku ile wa kwanza wetu alimaliza kabla wa mwisho hajaletewa chochote, na wa mwisho alipoletewa, haikuwa aliyoagiza. Mhudumu akasema "samahani sana" na kuondoka na sahani, na kwa muda mrefu tukakaa watatu tukijifanya tumeshiba tu, hatumtazami mwenzetu.

Salsa nayo, ule mchuzi wa pilipili wa kumwagia taco. Chupa mezani zilikuwa tupu, tukaomba, ikaja wakati bili inaandaliwa. Salsa inayofika baada ya taco ni pambo la meza. Guacamole, yaani parachichi lililopondwa, ilikuwa na utando wa kahawia juu. Parachichi likikutana na hewa hufanya hivyo, si sumu, na tindikali ya ndimu huchelewesha tu hali hiyo. Lakini kwangu ule utando ni saa ya ukutani, unaniambia bakuli lile limekaa wazi tangu lini.

Nilimwita meneja. Nilichoomba ni kidogo: tortilla mbili za moto, nihamishie ile nyama iliyobaki. Akaniomba radhi, akanipa punguzo kwenye bili, akataka kuniletea kitu kitamu bure. Tortilla? Hapana, mfumo hauna sehemu ya kuuza tortilla peke yake, ingebidi afungue oda mpya ya taco. Nikamuuliza kama jikoni hawawezi kusikia sauti ya binadamu. Alicheka, mimi pia nikacheka, na tortilla haikuja.

Sitaki wahudumu wale waonekane wavivu, maana hawakuwa wavivu. Walikuwa wanashika meza, simu, mashine ya malipo, na juu ya hayo walikuwa wanafunga mifuko ya wateja wa mtandaoni. Waendesha pikipiki walisimama mlangoni wakisubiri, na kwa kuwa programu ya simu inahesabu muda wao, wao ndio walioharakishiwa. Kwa hiyo sisi tuliokaa hatua chache kutoka kwenye moto tulikuwa nyuma ya mtu aliye mbali, ambaye taco zake zinafungiwa kwenye boksi lenye mfuniko, mvuke unazigeukia, zinamfikia zikiwa zimelowa kuliko zetu. Hakuna aliyefaidi. Mwenye mkahawa alikubali oda nyingi kuliko mikono aliyoajiri, na uamuzi huo huwezi kuuandika chini ya "chakula" wala "huduma".

Ningekuwa na mamlaka ningefanya mambo machache. Menyu ifupishwe, mkahawa wenye aina za nyama tatu au nne unaweza kuzipika vizuri na kuzitoa pamoja, wenye aina ishirini unapasha moto tu. Tortilla ziletwe mezani kivyake, ndani ya kitambaa, na nyama kwenye bakuli, mteja ajikunjie. Ile mashine inayoulizia bakshishi kabla sijaonja chochote ingoje. Na mteja akiinuka kuchukua sahani yake dirishani, aachwe.

Nitarudi kule? Kwa nyama ile, ndiyo, ila si wakati wa msongamano wa chakula cha jioni. Nitakwenda mchana ukiwa umepoa, nikae kiti cha karibu na dirisha la jikoni, niagize taco mbili, nizile, ndipo niagize mbili nyingine. Najua mhudumu ataona nasumbua. Mpishi nadhani atanielewa.