Unataka kuwa mweka hazina wa jimbo? Anza na jina lako

Juzi mdogo wangu mmoja wa Pittsburgh kanitumia meseji, ana CPA yake mkononi, yaani cheti cha uhasibu, anauliza "dada, nataka siku moja niwe mweka hazina wa jimbo la Pennsylvania, naanzia wapi?" Nikacheka, halafu roho ikaniuma, maana mi nimetoka kuangushwa kwenye kura za maoni za ukaguzi wa hesabu wa kamji ketu tu hapa. Kura 61. Siisahau hiyo namba.

Kwa mlioko nyumbani: huku Pennsylvania, Marekani, mkaguzi mkuu wa hesabu, yaani kama CAG wetu, hateuliwi na mtu, anapigiwa kura jimbo zima, na mweka hazina vilevile, miaka minne minne na vipindi viwili mfululizo mwisho. Sasa mi na miaka yangu 14 ya kufunga hesabu za watu nikajua watachagua anayejua hesabu. Nikachapisha vipeperushi vyenye majedwali jamani, majedwali! Aliyenishinda anauza bima, ila babu yake kila mtu alimjua. Mi jina linaanza na Ng', na kwa aibu zangu sikumfundisha mtu kulitamka.

Ningesoma historia ya hapahapa ningejua. Mwaka 1976 Bob Casey, mkaguzi mkuu tangu 1969, alikuwa anamaliza muda wake, akatokea jamaa mwingine kabisa, Robert E. Casey, akagombea uweka hazina akashinda, watu wengi wakidhani ndo yule yule. 1978 ikawa kichekesho zaidi, mwalimu muuza aiskrimu naye anaitwa Robert Casey akapata tiketi ya chama ya naibu gavana, huku Casey mwenyewe anaangushwa kwenye ugavana siku hiyohiyo, mara yake ya tatu! Akaupata 1986. Mwanae Bob Casey Jr. akakalia kiti kilekile cha ukaguzi kuanzia 1997, 2002 akautaka ugavana Ed Rendell akampiga, hakususa, 2004 akachukua uweka hazina, 2006 akamng'oa Rick Santorum useneta, akakaa mpaka alipoangushwa 2024.

Kwa hiyo mdogo wangu, CPA ni nzuri ila haipigi kura. Anza na kiti kidogo, watu wakujue. Ukishindwa usinune, rudi, watu wakujue. Na nyie wenzangu wahasibu acheni kujifungia na eksel mkasubiri kuonwa, nani atakuona humo? Hazina hakuna anayejua inafanya nini, mpiga kura anafika chini ya karatasi kachoka, anatafuta jina alilowahi kulisikia.

Kwaresma hii kila Ijumaa nilikuwa nakaanga samaki kituo cha zimamoto cha kujitolea, nanuka mafuta mpaka Jumapili. Bibi mmoja sasa ananiita "Miss Eng". Nimeitika.