Siku ya kwanza melini: anza na mkoba wa mkononi

Ndugu muulizaji, umesema kwamba mnaanza safari ya majuma sita kwa meli ya kitalii, na umeuliza siku ya kwanza muitumie vipi na kama zoezi la usalama linaweza kurukwa.

Haliwezi kurukwa. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, mwezi Januari 2012, watu 32 walipoteza maisha, na abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi hilo; ndiyo maana tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Sikilizeni kwa makini, kisha tembeeni wenyewe kwa miguu kutoka chumbani hadi kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura.

Mizigo mikubwa hupelekwa vyumbani na wahudumu, na huenda ikafika jioni. Kwa hiyo dawa, pasipoti, miwani na nguo za kubadilisha zikae kwenye mkoba wa mkononi. (Mimi niliwahi kula chakula cha jioni nikiwa nimevaa viatu vya michezo, kwa kuwa mzigo wangu ulichelewa.) Anayeugua kichefuchefu cha bahari ameze dawa yake kabla ya meli kung'oa nanga, kwa kuwa tumbo likishachafuka dawa hiyo husaidia kidogo sana.

Msijilazimishe kuizunguka meli nzima jioni hiyo. Majuma sita yanatosha.