Niliweka tiki kwenye "wito"

UBAO WA MWALIMU MSTAAFU: maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya ualimu hapa Moshi, mwaka wa pili, hisabati na fizikia. Nilitaka uhandisi, alama zikagoma. Kaka akaniambia walimu wa sayansi na hisabati wanapewa kipaumbele kwenye mkopo, nikajaza maombi nimesimama kwenye duka la stesheneri karibu na soko la Mbuyuni.

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alitugawia dodoso la utafiti wake. Swali la nne: kwa nini ulichagua ualimu? Mhadhiri alikuwa akipita kwenye viti kukusanya karatasi. Nikaweka tiki kwenye "wito". Jirani yangu akachungulia, naye akaweka hapohapo.

Sasa mhadhiri huyohuyo ametuagiza tuhakiki tafiti za motisha ya walimu. Nimeandika kurasa sita, zimerudi na wino mwekundu: "Umesimulia, hujahakiki." Mimi ni nani wa kumkosoa profesa? Na aliyefuata mkopo atakuwa mwalimu kweli?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Uhakiki anaoutaka mhadhiri wako umeshauandika, ila umeutuma kwangu badala ya kwake. Yule kijana wa mwaka wa tatu atachora jedwali safi kuonyesha wangapi wana wito, na wewe unajua tiki mbili kati ya hizo zilivyopatikana. Basi kila ukisoma utafiti wa aina hiyo, rudi kwenye kiti chako siku ile. Karatasi zilikusanywa na nani? Aliyejibu alikuwa na cha kuogopa? Kisanduku cha "mkopo" kilikuwepo? Kama hakikuwepo, nani angekiwekea tiki? Na watu waliulizwa lini: kabla ya mazoezi ya kufundisha, au baada ya kusimama mbele ya watoto 80 na kipande kimoja cha chaki? Kuuliza hayo si kumvunjia profesa heshima. Profesa mzuri huyauliza mwenyewe kabla yako.

Kisha jifunze kuliogopa neno "kwa hiyo". Kuna kazi moja ya Kenya, iliyochapishwa mwaka 2004, ambayo ningeibandika kwenye mlango wa kila chuo cha ualimu. Mmoja wa waandishi wake ni Michael Kremer, aliyekuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Ukilinganisha tu shule zenye mabango kitita, yaani karatasi kubwa za michoro za kufundishia, na zisizo nayo, zenye mabango zinaonekana kufaulu zaidi. Kwa hiyo tununue mabango! Lakini shule 178 zikagawanywa bila kuangalia ipi ni bora, nusu zikapewa mabango, nusu zikakosa. Alama hazikutofautiana kwa maana yoyote. Shule zilizokuwa na mabango tangu mwanzo zilitofautiana na nyingine kwa mengi zaidi ya mabango. Nami nimechora mabango kitita miaka mingi, usiku, kwa kalamu nilizonunua mwenyewe, kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyopokea habari hiyo.

Hapa kwetu tuna jaribio la KiuFunza, mwaka 2013 na 2014, shule za msingi 350. Nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, nyingine vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Ruzuku na bonasi pamoja zilipandisha. Mwalimu mwenzangu aliposikia akasema, "Si unaona, walimu ni hela tu." Polepole! Ni hela ileile ya bonasi iliyofanya kazi vizuri zaidi ilipokutana na vitabu na madaftari ya ruzuku. Na waliopimwa ni watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, kwa Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu hayumo humo. Andika hivyo, utaona wino mwekundu unavyopungua.

Kuhusu wito: mimi nilitaka unesi. Mwaka 1989 bei ya kahawa ilianguka, baba akawa hana cha kuuza huko Kibosho isipokuwa ndizi, na chuo cha ualimu ndicho kilichoniita kwanza. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nahesabu Ijumaa. Mwaka wa nne kulikuwa na mtoto anayekosa kila swali la kutoa kwa kuchukua. Jioni moja nikakaa naye na punje za maharage, nikaona kwamba kila mara alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, hata kama ndogo ndiyo iko juu. Hakuwa mzembe, alikuwa na kanuni yake. Nikakosa daladala ya mwisho, nikapanda mlima kwa miguu, nikitafuta njia nzima swali la kumpa kesho yake.

Lakini huyo ni mtu mmoja, tena anajisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Usiniweke kwenye mapitio yako.

Na mtafute yule wa mwaka wa tatu, umwambie ukweli wa swali la nne kabla hajafunga jedwali lake.