Kwa nini maji ya Hombolo hugeuka chumvi kila Oktoba?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima maharage na mchicha kando ya Bwawa la Hombolo. Februari maji huwa mazito na mekundu, Juni hutakata na kuanza ukijani, na ifikapo Oktoba sabuni haitoi povu na kingo za majani ya maharage zinakauka. Je, kuna mtu anayatia kitu? Na nikiyachemsha, chumvi itatoka?
– Mkulima wa mboga, Hombolo

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna haja ya kumtafuta mchawi, kwani jua na mvua vinatosha kuyaeleza uliyoyaona. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, nazo ni wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ilhali jua na upepo vinaweza kunyonya kutoka maji yaliyo wazi zaidi ya milimita 2,000. Mvuke unapopaa huondoka maji matupu. Chumvi iliyoletwa na mito hubaki, na kadiri bwawa linavyopungua ndivyo inavyokolea. Ukoko mweupe unaouona kwenye mawe ya ufukweni mwezi Septemba ndio chumvi yenyewe. Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lina nafuu kwa kuwa likijaa hufurika na kutoa sehemu ya chumvi hiyo. Ziwa Sulunga kule Bahi halina pa kuitolea.

Wekundu wa Februari ni udongo wa mashamba na malisho yaliyoachwa wazi wakati wa kiangazi, na chembe zake ni ndogo mno hata huchukua wiki nyingi kutuama. Zikishatuama, mwanga hupenya, na mwani hustawi kwa mbolea iliyosombwa kutoka mazizini. Huo ndio ukijani. Usiku mwani huo nao hutumia hewa iliyomo majini, ndiyo maana alfajiri huenda ukawaona perege wakitoa vinywa juu ya maji.

Kuchemsha hakuondoi chumvi, bali huizidisha, kwa sababu ile ile ya mvuke. Huua vijidudu tu, na kwa maji ya kunywa hilo nalo ni jambo kubwa.

Shambani, maharage na vitunguu ni dhaifu sana mbele ya chumvi, kwa hiyo nafasi yake ya mwisho wa kiangazi ningeipa biti, inayovumilia zaidi. Mwagilia shinani jioni, si juu ya majani, na mara moja moja maji yawe mengi ya kuishusha chumvi chini ya mizizi, mradi shamba halituamishi maji. Na mvua ya kwanza isikudanganye: huosha kwanza ukoko ule wa ufukweni na kuurudisha bwawani, kwa hiyo subiri kina cha maji kiongezeke kabla ya kupanda maharage tena.